Fundi umeme na tochi ya mfukoni: mwanga mweupe mkali au mweupe wa kati?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Na kama hukunizidi, pokea salamu zangu. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, naishi Mbagala, na kazi zangu nyingi huzipata Temeke, Tandika na Kigamboni. Kazi ninayoitiwa zaidi ni ya kutafuta hitilafu, na hitilafu haichagui saa. Mara nyingi mteja hunipigia simu baada ya Magharibi, nyumba yake ikiwa gizani ilhali kwa majirani umeme unawaka, nami hulazimika kupanda darini na bisibisi mkono mmoja na tochi mdomoni.

Tochi niliyokuwa nikiitumia imeharibika swichi, na sasa nataka ndogo iliyo imara, inayoingia katika mfuko wa ovaroli. Kariakoo nilionyeshwa mbili zinazofanana kwa umbo, kwa betri na kwa bei, zikitofautiana mwanga tu. Boksi la kwanza limeandikwa 6500K na lumeni 1,000, yaani kiasi cha mwanga ambao tochi hutoa, na mwanga wake ni mweupe mkali unaoelekea bluu. La pili limeandikwa 4500K na lumeni 930, na mwanga wake ukiwekwa kando ya ule wa kwanza unaonekana kama umeingia njano. Muuzaji alizimulika zote mbili ukutani, akaniambia bila kusita kwamba ile nyeupe ndiyo yenye nguvu, na ile nyingine huchukuliwa na watu wasiotaka kuumia macho.

Ningemwamini na kulipa papo hapo, ila tochi yangu iliyoharibika ilikuwa nyeupe vilevile, na ilikuwa ikinisumbua. Juzijuzi, katika nyumba moja ya Temeke iliyojengwa zamani na kuongezewa vyumba baadaye, nilifungua kisanduku cha maungio darini nikakuta nyaya ambazo kwa mwanga wa tochi ile zote zilionekana za rangi moja, kama kahawia iliyofifia. Nilipozivuta hadi zikafikiwa na taa ya chaji ya mwenye nyumba, ndipo nilipoona kwamba nyingine ni nyekundu na nyingine ni za kahawia. Testa ninayo na siachi kuitumia, lakini ningependa macho yangu nayo yanisaidie.

Nyumbani nako kuna maoni. Umeme ukikatika, tochi husimamishwa mezani ikielekea dari, na mke wangu husema sebule inageuka kama wodi. Shemeji yangu, ambaye ni mlinzi katika yadi ya magari Kigamboni, anashikilia kwamba tochi yenye unjano haifiki mbali na kwamba hakuna mlinzi anayejua kazi atakayeibeba. Fundi mwenzangu anasema zote ni LED na rangi ya mwanga ni pambo tu. Je, nichukue ipi? Na je, ni kweli kwamba ile ya pili ni dhaifu?

Fundi, Mbagala

JIBU

Marahaba, fundi, mvi ninazo, kwa hiyo salamu yako imefika mahali pake. Nianze na jibu lenyewe, kwa sababu huenda kesho unarudi Kariakoo: chukua ile ya 4500K, lakini usilipe kabla ya kusoma boksi lake lote na kuona kama limetaja kipimo cha uaminifu wa rangi kinachoandikwa kwa herufi CRI, na kama kipimo hicho ni 90 au zaidi. Hapo ndipo wengi hununua unjano mtupu wakidhani wamenunua rangi.

Namba zinazofuatwa na herufi K ni za kelvini, nazo hueleza mwanga mweupe umeelekea upande gani, wa moto au wa bluu. Mshumaa uko karibu na 1,900, balbu ya zamani ya waya karibu na 2,700, jua la adhuhuri karibu na 5,500, na anga lililofunikwa na mawingu karibu na 6,500. Kwa kipimo hicho, tochi ambayo muuzaji aliikebehi si ya njano. Ni nyeupe iliyokaa kati ya balbu ya zamani na jua la adhuhuri, na ilionekana ya njano kwa sababu ilimulikwa bega kwa bega na nyingine iliyoelekea bluu. Jicho hujirekebisha kufuata mwanga uliopo mbele yake, hivi kwamba ukikaa gizani na mojawapo ya tochi hizo peke yake kwa dakika chache, utaiona ni nyeupe tu, iwe ya kwanza au ya pili. Kumulika ukutani kunamfaa anayeuza. Ukuta mweupe hauna rangi yoyote ambayo mwanga mbaya ungeweza kuipoteza, kwa hiyo tochi ya bluu hushinda kila mara.

Kuhusu nguvu, muuzaji hakukudanganya kwa namba. Ndani ya tochi hizi kinachowaka hasa ni kipande kidogo cha LED kinachotoa mwanga wa bluu, kifaa ambacho Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa kwa ajili yake Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Juu ya kipande hicho hupakwa unga wa njano unaomeza sehemu ya bluu na kuirudisha ikiwa kijani, njano na nyekundu kidogo, na mchanganyiko huo ndio tunaouita mwanga mweupe. Unga ukiwa mwembamba, bluu nyingi hupenya na unapata 6500K. Ukiwa mzito zaidi, au ukichanganywa na unga mwingine unaotoa nyekundu, unapata 4500K. Kila bluu inapogeuzwa kuwa rangi nyingine, nguvu kidogo hupotea njiani, na hizo ndizo lumeni 70 ulizoziona zimepungua kwenye boksi. Zingatia pia kwamba LED yenye CRI ya 90 hupoteza zaidi ya hapo, kwa sababu sehemu ya nyekundu inayoongezwa iko mahali ambapo jicho huhisi mwanga kwa udhaifu; ukikuta tochi ya namna hiyo imeandikwa lumeni 750 mahali ambapo ndugu yake mweupe ameandikwa 1,000, hilo ni jambo la kawaida.

Lakini lumeni 70 kati ya 1,000 huwezi kuziona. Jicho halijumlishi mwanga kama daftari la duka. Ili tochi moja ionekane ina mwanga maradufu ya nyingine, lumeni zake zinapaswa kuwa karibu mara nne. Isitoshe, tochi ndogo ya mfukoni haidumu kwenye 1,000 yake. Kichwa chake hakina chuma cha kutosha kutoa joto, kwa hiyo baada ya dakika chache hujishusha yenyewe, na chini ya bati la Dar es Salaam mwezi wa Januari itajishusha mapema zaidi. Kanuni ya upimaji iitwayo ANSI FL1, iliyoanza kutumika mwaka 2009, huruhusu lumeni zipimwe kati ya sekunde 30 na dakika 2 tangu tochi kuwashwa. Yanayotokea baadaye boksi halilazimiki kuyasema. Wewe mwenyewe, ukiwa umejikunja darini na nyaya ziko umbali wa mkono, utakuwa unatumia mwanga wa chini au wa kati, kwa sababu ule mkubwa kabisa utarudi usoni kwako kutoka kwenye plasta na bati.

Kama unataka kujua mahali ambapo nguvu hupotea kweli, tazama betri. Betri za lithiamu za ukubwa wa 18650 ambazo huandikwa 9,900 mAh ubavuni, yaani kiasi cha chaji zinachobeba, hazina ukweli wowote, kwa kuwa zilizo bora kabisa za ukubwa huo hazifiki hata nusu ya hapo. Mtu anayekataa tochi kwa sababu ya asilimia 7 halafu akatia betri ya namna hiyo hajui anachokikimbia.

Sasa tuje kwenye nyaya, ambako ndiko riziki yako iliko. Nyumba uliyoieleza, ya zamani yenye vyumba vilivyoongezwa, ndiyo nyumba ngumu kuliko zote kwa upande wa rangi. Ufungaji wetu umerithi utaratibu wa Kiingereza, ambao zamani ulikuwa na laini (waya unaoleta umeme) nyekundu, nyutro (unaourudisha) nyeusi na ethi (wa usalama, unaokwenda ardhini) ya kijani, na kwa umeme wa fezi tatu, yaani wenye laini tatu, nyekundu, njano na bluu. Uingereza yenyewe iliruhusu rangi mpya mwaka 2004 na kuzifanya za lazima mwaka 2006: laini ya kahawia, nyutro ya bluu, ethi ya kijani yenye mstari wa njano, na kwa fezi tatu kahawia, nyeusi na kijivu. Nyaya za taratibu zote mbili zinauzwa na kutumika mjini, na katika nyumba moja unaweza kukuta zimekutana katika kisanduku kimoja. Tazama ubaya wake: bluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro sasa yaweza kuwa fezi. Kwa hiyo kutambua kwamba waya fulani ni wa kahawia, si mwekundu, kunakuambia uko upande wa zamani wa nyumba au upande mpya, na hapo ndipo unapojua namna ya kuichukulia ile nyeusi iliyo kando yake.

Kahawia ni rangi inayoishi kwa kurudisha nyekundu na chungwa kwa kiasi kidogo. Tochi ikiwa na bluu tele na nyekundu haba, waya wa kahawia hauna cha kurudisha, hivyo huonekana wa kijivu au mweusi; mwekundu nao hushuka na kuonekana kahawia. Kisa chako cha Temeke kimeelezeka hapo. Macho yako ni mazima. Mwanga uliokuwa nao haukubeba rangi uliyokuwa ukiitafuta, na kumulika kwa nguvu zaidi kungekupa kijivu chenye kung'aa tu.

Ndiyo maana nimesisitiza CRI kuliko kelvini. Kelvini hueleza mwanga umeelekea wapi, ilhali CRI hupima rangi za vitu zinaonekana kwa uaminifu gani zikilinganishwa na mwanga wa jua au wa balbu ya waya, ambayo hupewa 100. Tochi nyingi nyeupe za bei ya kawaida huwa karibu na 70. Tochi ya 4500K yenye CRI ya 70 itakupa kila kitu kilichopakwa unjano na bado nyekundu itakuwa imekufa. Hiyo ndiyo njano tupu niliyokuonya. Kuna mtego mwingine pia: CRI ya kawaida ni wastani wa rangi nane zilizopoa, na nyekundu iliyokolea haimo. Hupimwa peke yake kwa jina la R9. Watengenezaji wanaojiamini huitaja, nami nikiiona R9 imeandikwa na namba yake ni 50 au zaidi, hupunguza maswali.

Usije ukadhani basi kwamba ukizidisha unjano unazidisha usalama. Tochi za 2700K na 3000K zipo, na kwa chakula au kwa ngozi ya mtu ni nzuri mno, lakini zina bluu kidogo, na chini yake waya wa bluu iliyokolea huonekana mweusi. Kwa fundi wa nyumba zenye taratibu mbili hilo ni baya kuliko kuchanganya nyekundu na kahawia, kwa sababu bluu na nyeusi ndizo hasa zilizobadilishana kazi. Baki kati ya 4000K na 5000K. Kuhusu testa sina la kukufundisha. Umesema unaitumia, na rangi ya waya itabaki kuwa dokezo tu, kwani fundi aliyekutangulia huenda alitumia waya uliobaki kwenye gari lake siku ile.

Ukirudi dukani, beba mfukoni vipande vifupi vya nyaya: nyekundu, kahawia, nyeusi, bluu na kijivu. Omba katoni tupu, iinamishe ili mwanga wa mtaa usiingie, utie vipande vyako ndani na uvimulike kwa tochi moja kwanza. Ngoja macho yatulie, kisha tumia ya pili. Usizimulike pamoja. Fanya hivyo kwenye mwanga wa chini kabisa wa kila tochi, kwa maana LED nyingi zikipewa umeme kidogo huingia ukijani ambao hauonekani zikiwaka kwa nguvu, na ukijani huo huua nyekundu kuliko hata bluu. Kiganja chako nacho ni kipimo kizuri. Kikionekana kama cha mgonjwa, iache tochi hiyo. Halafu ielekeze kamera ya simu kwenye mwanga huo wa chini: ukiona mistari mizito inayotembea kwenye kioo, tochi inapunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka, na fundi anayetumia drili hapaswi kuimulika kwa mwanga unaoweza kuifanya ionekane imesimama. Muuzaji akikukatalia majaribio haya, Kariakoo ina maduka mengine.

Mke wako naye ana hoja. Mtafiti wa Kiholanzi Arie Kruithof aliandika mwaka 1941 kwamba mwanga ukiwa hafifu hupendeza unapoelekea upande wa moto, na kwamba ule wa upande wa bluu huhitaji kuwa mwingi ndipo upendeze. Waliopima baadaye hawakukubaliana naye kwa kila kitu, lakini sebule yenye tochi moja iliyoelekezwa darini iko katika giza lile alilolizungumzia. Mwanga wenye bluu nyingi pia huuambia mwili kwamba bado ni mchana, jambo ambalo halifai saa nne usiku mnapongoja umeme urudi. Na masika yakifika utaona faida nyingine ndogo, kwa kuwa wadudu wengi wa usiku huvutwa zaidi na bluu na urujuani kuliko njano, ingawa sikuahidi kwamba kumbikumbi watakuacha ule kwa amani.

Shemeji yako ana nusu ya ukweli, na ni vyema apewe nusu yake. Gizani, mwanga unaorudi kutoka mbali unapokuwa hafifu sana, jicho hupoteza rangi na kuanza kutegemea sehemu zake zinazohisi zaidi bluu ya kijani. Jambo hilo liliandikwa na Jan Purkyně tangu karne ya 19. Kwa hiyo mwisho kabisa wa mwanga, kwenye ukuta wa mbali wa yadi, tochi ya 6500K humwonyesha kidogo zaidi. Lakini umbali wenyewe hauletwi na rangi. Huletwa na kioo cha tochi na jinsi kinavyoukusanya mwanga, na kipimo chake ni kandela: tochi ya kandela 10,000 huhesabiwa kufika mita 200, mahali ambapo mwanga hubaki kama wa mbalamwezi, iwe nyeupe au ya kati. Shemeji anunue kwa kandela, na kama zinalingana achukue ile nyeupe akipenda. Mimi ningempa ya kati hata yeye, kwa sababu mlinzi huulizwa asubuhi mtu aliyeruka ukuta alivaa shati la rangi gani.

Ikiwa ile ya 4500K haikutaja CRI, na katika katoni vipande vya nyekundu na kahawia vimeonekana sawa chini ya tochi zote mbili, basi fundi mwenzako atakuwa amesema kweli kuhusu tochi hizo mbili peke yake, na huna sababu ya kununua yoyote kati yake. Kwa kazi yako tafuta ya 4000K hadi 5000K yenye CRI ya 90, hata kama ni ya lumeni 400 na kampuni isiyosifiwa sana. Na uchague yenye klipu inayoingia kwenye ukingo wa kofia, ili uache kuishika mdomoni.